Simu Iliyokatazwa Kulia

Nimekabidhi funguo za ghala, kofia ngumu, na mkanda wa kupandia minara ambao miaka hii ya mwisho ulikuwa ukinibana tumbo bila heshima. Ninyi vijana wa ofisi yetu ya Himbi mlininunulia keki, mkubwa akasoma hotuba ambayo nusu yake ilimhusu mtu mwingine, kisha mmoja wenu akaniambia, "Mama Kavira, utuandikie. Lakini siyo mambo ya vyeo." Msiwe na hofu, vyeo vyangu havijazi hata bahasha. Nitaandika juu ya kazi, juu ya Papa Bisimwa aliyenifundisha kazi hiyo, na juu ya siku zile alipofungiwa upande wa pili wa vita, sisi huku tukiwa na mnara mmoja tu wa kumfikia.

Nilifika Goma kutoka Butembo na diploma ya elektroniki na viatu vizuri. Lava iliyoganda ya volkano ilivimaliza viatu mwezi wa kwanza, kwa maana mji ndiyo kwanza ulikuwa unajijenga upya juu ya mawe meusi. Papa Bisimwa alikuwa fundi wa redio, mtu wa upande wa Bukavu, mrefu na mkimya. Nilidhani siku ya kwanza atanipandisha mnarani. Badala yake alinikalisha mbele ya simu ndogo iliyofunguliwa mgongo, nyaya mbili zikitoka kwenye batri kwenda kwenye kipimo cha umeme chenye mshale.

"Angalia mushale," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Nikaangalia. Mshale ulilala karibu na sifuri, ukaruka kidogo, ukalala tena. Ukaruka, ukalala. Aliporudi nilikuwa karibu kulala mimi mwenyewe.

"Umeona nini?"

"Haifanye kitu, papa. Inarukaruka tu."

"Inalala. Pale inaruka, inaamuka kusikiliza kama banaiita. Hakuna mutu? Inalala tena."

Kisha akaitia simu ndani ya sanduku la bati la biskuti, akalifunika, nyaya zikipita kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe. Mshale ukapanda, ukabaki huko juu ukitetemeka.

"Sasa imepotea. Haisikie mnara tena, njo inatafuta. Uiache humu, utaikuta imekufa na hakuna mutu ameongea nayo hata neno moja."

Hayo ndiyo yote niliyofundishwa siku ile, na mpaka leo sijapata somo lililonifaa zaidi. Simu iliyo mfukoni inasikiliza zaidi kuliko inavyosema. Mnara umeipangia zamu yake, nayo huamka zamu hiyo tu, kama mlinzi aliyezoea kazi. Ikiwa macho, hutupa sikio kwa minara jirani, lakini ile tu ambayo mnara wake umeitajia, ili isihangaike na dunia nzima. Jirani akisikika vizuri zaidi, na si kwa kidogo bali kwa kiasi tulichoweka sisi, simu huhamia kwake kimyakimya. Ikivuka kutoka kanda moja ya minara kwenda kanda nyingine, hapo inabidi ipaze sauti na kusema, "Nimefika huku," na kupaza sauti kunakula batri. Mwenyewe akiizima kwa kitufe, huaga kwanza. Batri ikichomolewa au ikifa ghafla, haiagi, na mnara huendelea kuamini kwamba ipo mpaka muda wake wa kujitambulisha upite.

Mwaka uliofuata tulipelekwa Vitshumbi, kule kwenye ziwa. Wavuvi walikuwa wamemkamata mwenye kibanda cha kuchajia simu na kumshitaki kwa chifu. Walidai anawauzia umeme hafifu, tena aliochanganya, kama vile watu wanavyochanganya maziwa na maji. Simu wanazochaji asubuhi zinakufa kabla ya nyavu kutoka majini! Mwenye kibanda alikuwa amekaa chini, kichwa mikononi, akiapa kwa mama yake. Papa Bisimwa hakucheka. Aliomba simu moja, akaishika akitembea ufukweni, na kila baada ya hatua kadhaa ilikuwa ikiruka kutoka mnara wetu kwenda mnara wa ng'ambo ya ziwa na kurudi, maana maji hayazuii mawimbi, na kanda zilikuwa mbili tofauti. Kila mruko ni kelele. Tuliongeza kile kiasi cha ubora kinachohitajika kabla simu haijahama, na simu zikatulia. Wavuvi walimwachia yule bwana bila kumwomba radhi, wakampandishia heshima tu kwa kusema umeme wake sasa umekomaa.

Nimeyataja hayo kwanza ili mjue Papa Bisimwa alikuwa mtu wa namna gani siku vita vilipomkuta. Ni vita gani, sitasema. Mtu wa umri wangu hapa ana vingi vya kuchagua. Alikuwa amepanda na gari kupeleka mazutu, yaani dizeli, kwenye mnara ulio kilimani, mbele ya Rumangabo. Alijaza tangi la jenereta, akateremka, na chini akakuta barabara ya kurudi Goma imekatwa. Watu walikuwa wanakimbia na magodoro kichwani. Saa chache baadaye simu yangu ya ofisini ikalia.

"Kavira, sikia muzuri, sitarudia. Niko ku masomo ya misioni, mu madarasa yao, chini ya kilima, na batu mingi, bamama na batoto. Gari balishaichukua. Barabara iko na batu ya bunduki. Batri yangu inabakia na mistari mbili, na umeme hakuna."

"Papa..."

"Wacha nimalize. Nyumbani banabipa. Tangu asubui inalia tu, inalia tu. Uende ubaambie baache. Kuanzia sasa telefoni hii ikilia, nitajua barabara imefunguka na nitabatoa hawa batu. Unasikia? Ikilia, tunatoka. Basi isilie bure."

"Nitakuandikia mesaji."

"Hapana! Banapekua ma telefoni. Mutu banamukuta na mesaji ya Goma, banasema ni mupelelezi. Usiandike kitu."

"Sasa nitajua aje kama uko muzima?"

"Saa ya Angelus, kengele ya saa sita, nitaizima kwa kitufe, kisha nitaiwasha. Uangalie ku mashini. Na ulinde mnara, Kavira. Mnara ukikufa, sisi yote tunaingia mu sanduku."

Akakata.

Hatari ya kwanza ilitoka kwetu wenyewe. Mazutu yaliyokuwa kwenye tangi ndiyo yaliyobaki, mengine yasingefika. Papa Paluku, mkubwa wa ofisi, Munande, mtu wa kabila langu, wa kupima kila neno, aliwapigia wakubwa Kinshasa, nao wakapendekeza mnara uwashwe saa moja, uzimwe saa moja, ili mazutu yafike mbali. Kwa mtu anayewaza jenereta peke yake, ni shauri zuri sana.

"Papa Paluku," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya adabu, "kila tukizima, simu zote za bonde lile zitaanza kutafuta. Tutahifadhi mazutu na kuua simu. Mwishoni tutakuwa na mnara unaoita watu ambao hawasikii."

Injinia wa Kinshasa alikuwa anasikiliza kwenye spika. Ni yeye aliyesema, "Basi zimeni mitambo yote, mbakize mmoja kwa kila upande wa mnara. Ule unaotangaza jina tu." Papa Paluku akaongeza tuzime na kipoza hewa, tuombe baridi ya kilimani itusaidie. Mimi nikaondoa kwenye matangazo ya mnara ule majina ya majirani waliokwisha kuzimika, ili simu zisitegee sikio wafu. Mnara ukabaki unanong'ona. Simu ziliweza kulala, lakini watu wachache sana ndio walioweza kuongea kwa wakati mmoja. Walitutukana bonde zima, na walikuwa na haki. Yupo aliyetaka kumuaga mama yake akakuta njia imejaa, na hilo linaniuma hadi leo.

Hatari ya pili ilikuwa Katindo, nyumbani kwa Papa Bisimwa. Nilikuta ua umejaa. Mama Nsimire, mkewe, alikaa kwenye mkeka katikati ya akina mama wa shirika lao la kanisa, rozari mkononi. Kuzunguka kulikuwa na wajomba, majirani, wakwe, kila mmoja na simu. Mmoja akabipa, akaiweka sikioni, akakata haraka isije ikapokelewa ikamla salio, akapaza sauti, "Inaita! Iko muzima!" Watu wakapiga makofi. Punde mwingine naye akachukua simu yake ili asikie kwa sikio lake mwenyewe. Mnatujua. Sisi hatumwambii mtu tunampenda, tunambipa.

"Muache!" nikapiga kelele mlangoni, hata salamu sikutoa. "Munamuua!"

Niliwaeleza. Nilipofika kwenye maneno "ikilia, anatoka," simu zikashuka masikioni. Mjomba mmoja, mzee wa fimbo, akakataa.

"Tusimupigie, tutajua namna gani? Mutu haachwe peke yake mu magumu."

"Muzee, mimi nitabaambia kila siku. Ku ofisi nitaona kama telefoni yake ingali inasikia."

Mama Nsimire aliinua macho. Hakuwa amelia bado. Nadhani alikuwa anangoja apate sababu kamili.

"Ku mashini unamuona yeye, ao unaona telefoni?"

"Telefoni, mama."

"Basi anaweza kuwa amekufa, na mutu mwingine anaibeba."

Ningeweza kumdanganya, na ua mzima ungenishukuru. "Anaweza," nikasema. "Lakini amesema ataizima saa ya Angelus, kisha ataiwasha. Ikizimwa kwa kitufe inaaga, na ile kuaga naiona. Mutu ameiiba, kwa nini azime na kuwasha saa sita ya Bikira Maria?"

Akafikiri. Kisha akasimama, akapita kwa kila mmoja uani, akasubiri mbele yake mpaka amefuta namba ya mumewe. Mjomba wa fimbo alifuta wa mwisho. Simu yake mwenyewe Mama Nsimire aliifunga kwenye pindo la kikwembe, kile kitenge alichojifunga, mafundo mawili.

Siku zile sitaki kuziishi tena. Asubuhi nilikuwa nikifika Himbi, nafungua mashine, ile kompyuta ya minara, naona kwamba simu ilijitambulisha. Mizinga ilisikika kutoka kaskazini hata mjini, madirisha yakitikisika. Watu wenye sare walikuja mara moja kuuliza kama tunaweza kuwaonyesha simu za upande ule, Papa Paluku akawaambia mashine imeharibika, akawapa soda. Na kila kengele ya saa sita ilipogonga kanisani, sikupepesa macho. Simu iliaga. Baada ya kitambo ilirudi. Nilimpigia Mama Nsimire.

"Imeaga na imerudi."

"Aksanti," alisema, akakata. Hakuwahi kuongeza neno.

Kisha ikaja ile asubuhi. Nilikuwa nimekaa na kahawa nilipoona kwenye mashine kwamba simu ya Papa Bisimwa imeitwa. Imeamshwa, imejibu kwamba ipo, imelia, mpigaji amekata. Nikajipa moyo kwamba hatasikia, kwamba yuko mbali nayo. Lakini mtu aliyesema "ikilia, tunatoka" hawezi kukaa mbali na simu.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja la mnara ule. Upande wake wa kusini, unaotazama barabara, ulikuwa umewekwa katika kanda ya Goma, na pande nyingine katika kanda ya Rutshuru. Aliyeupanga hivyo alihama zamani bila kumwambia mtu sababu. Kwa mpango huo, simu iliyoko misioni ikishuka barabarani, inabidi ipaze sauti: nimefika huku. Nikangoja nikiomba nisiisikie. Nikaisikia. Simu ya Papa Bisimwa ilikuwa imejitambulisha katika kanda ya Goma.

Nilimkuta Papa Paluku mlangoni mwake. "Wametoka," nikasema. "Mutu amemubipa, na wametoka. Wako barabarani na bamama na batoto."

"Muite arudi."

"Ikilia tena itamwambia nini? Itamwambia endelea. Na kama bale ba bunduki bako karibu, mulio utabaonyesha kwenye bamejificha. Mesaji ndiyo mbaya zaidi."

Barabara ile inapita nyuma ya kilima, na upande wa kusini tu wa mnara ndio unaoiona. Nilikuwa na kitu kimoja mkononi ambacho yeye angekisoma bila maneno.

"Niuzime upande wa kusini," nikasema. "Yeye anatembea telefoni mukononi, namujua. Ataona rezo imekatika, telefoni haina mnara. Atajiuliza kwa nini."

"Ao atasema mazutu imekwisha, aendelee."

"Ao."

"Na batri yake? Itaanza kutafuta. Weye mwenyewe ulisema kutafuta njo kunaua."

"Najua, papa."

Alijifuta uso kwa kiganja. Mkubwa mwingine angetaka kwanza kuuliza Kinshasa. Yeye alisema, "Zima," akaja kusimama nyuma yangu, ili likiwa baya liwe letu sote wawili.

Nikazima. Simu isiyosikia mnara haionekani kwenye mashine yoyote duniani. Hakukuwa na cha kutazama, nasi tulitazama. Nilijua tu kwamba mahali fulani kule mshale umepanda juu na haushuki. Kengele ya saa sita ikagonga, simu haikuaga. Yangu ikalia papo hapo.

"Imeaga?" Mama Nsimire aliuliza.

"Mama, leo haijaaga."

"Niko nakuja," akasema.

Alifika na pikipiki, kilemba kikiwa kimelegea kwa upepo. Nilimweleza yote huku nimeshika mikono yake. Alikaa karibu na mashine, rozari mkononi, na hakusali. Ndipo simu yake, ile ya kwenye pindo, ikalia. Alifungua fundo kwa meno. Alikuwa Mugisho, mdogo wa mumewe, anayekaa Bukavu. Alikuwa anaongea kwa furaha kubwa mpaka mimi nilimsikia.

"Shemeji, usilie tena! Leo asubui nilimubipa yaya, kaka yangu, inaita muzuri kabisa! Iko muzima!"

Hakuna aliyekuwa amemkumbuka Mugisho. Tulifuta namba kwenye simu za ua mzima, tukamsahau ndugu wa tumbo moja. Mama Nsimire alifumba macho.

"Mugisho," akasema polepole, "umemuita mu kifo."

Akakata, akafunga tena fundo. Yule maskini alipiga na kupiga kutoka Bukavu, pindo la kikwembe likilia, na hakuna aliyeligusa. Papa Paluku alitoka nje. Mimi nilikuwa nimeanza kukata tamaa, nasema wazi, nilikuwa nimeanza kumlilia moyoni, pale mstari mmoja ulipojitokeza kwenye mashine. Kanda ya Rutshuru. Upande wa misioni.

"Imerudi!" nikasema. "Mama, imerudi ku masomo!"

"Ni yeye?"

Kabla sijajibu, simu ikaaga. Saa ya Angelus ilikuwa imepita zamani. Alikuwa ameizima kwa kitufe saa isiyo yake, kwa sababu alijua tuko hapa tunangoja. Mama Nsimire aliweka kichwa chake mezani, kwenye kibodi, akalia mpaka mashine ikaandika mistari na mistari ya herufi zisizo na maana.

Baada ya siku ile simu haikuwashwa kutwa nzima. Ilijitokeza kitambo tu saa sita, ikajitambulisha, ikaaga. Nilielewa. Kutafuta kule barabarani kulikuwa kumekula karibu yote. Kila siku nilijiuliza kama ndiyo ya mwisho, na mazutu nayo yalikuwa yanatoa alama ya kuisha.

Hatimaye mapadri walileta habari kwamba bunduki zimenyamaza na malori ya misaada yameruhusiwa kupita kesho yake, tena yatachukua watu njia panda chini ya misioni. Papa Paluku aliuliza watatu tofauti kabla hajaamini. Kesho yake Mama Nsimire alikuja Himbi kabla ya saa sita, amevaa kikwembe cha kanisani.

Kulikuwa na jambo lililoninyima usingizi: simu ile ilikwisha kumdanganya mara moja. Ikilia tena, ataiamini? Nikauwasha kwanza upande wa kusini. Nilisema moyoni, akishuka hadi kwenye kona akakuta rezo ipo, atajua mlango uko wazi. Kengele ikagonga. Simu ikajitokeza.

"Bipa, mama. Sasa."

Akakosea namba, yeye aliyeijua kuliko jina lake. Akaanza upya. Nikaona simu inaitwa, inaamka, inajibu.

"Inaita," akanong'ona. Akakata.

Haikuaga siku hiyo. Iliachwa wazi. Tukangoja, na Mama Nsimire akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukafa ganzi. Kisha ikapaza sauti katika kanda ya Goma. Muda wake wa kujitambulisha ukapita, ikatoweka bila kuaga, na sikujua kama ni batri imeisha au ameichomoa makusudi. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba sijui. Tukapanda gari la ofisi kwenda Kanyaruchinya, mwisho wa mji, ambako malori yangepitia.

Watu walikuwa wengi kando ya barabara, kila mtu akitafuta wake. Lori la kwanza lilishusha akina mama na watoto, masufuria, mbuzi mmoja. La pili hivyo hivyo. Mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni alimuuliza mwenzake kama yule fundi amepanda, wakaanza kubishana, mmoja akisema ndiyo, mwingine akisema alibaki kuwahesabu watu. Mama Nsimire aliwasikia. Hakugeuka.

Alishuka kutoka lori la mwisho, akisaidiwa, amekonda, ndevu nyeupe ambazo hatukujua anazo. Aliniona mimi kwanza kwa sababu nilikuwa nimepanda juu ya jiwe kama mwendawazimu.

"Rezo ilikatika," akaniambia, sauti imekauka, "lakini jenereta niliisikia inanguruma kule juu. Nikasema, mazutu iko. Ni Kavira njo anafunga mlango. Nikabarudisha batu."

Nikateremka jiweni. Aligeuka kumtafuta mkewe.

Mama Nsimire hakumkimbilia. Alikuwa amesimama mbele yake, karibu kiasi cha kumgusa, anafungua pindo la kikwembe. Akatoa simu, akabonyeza, akaiweka sikioni. Papa Bisimwa alikuwa amerudisha batri aliyoichomoa njiani, akaiwasha simu yake lori lilipoingia mjini. Ikalia mfukoni mwake. Mama Nsimire hakukata. Ililia, ikalia tena, machozi yakimshuka hadi shingoni, na watu wakaanza kugeuka kutazama.

Mzee akaitoa, akaangalia kioo chake, akamwangalia mkewe.

"Mama, unamaliza batri."

"Wacha imalizike," akasema, na hakuishusha simu sikioni.